Mfundisheni karani akiwa mezani pake

Jamaa mmoja ninayemfahamu, karani wa stoo hapa Maua, alikuwa na siri ambayo hata mkewe hakuijua. Kila jioni alitoka kazini na karatasi ndani ya koti, akapitia saiba iliyo karibu na stendi, akamlipa kijana wa pale amwingizie hesabu za siku kwenye kompyuta. Ili kijana aweze kuingia, ilibidi apewe neno la siri la kampuni. Mzee wa watu, hodari wa leja tangu ujana wake, alitoa pesa mfukoni mwake ili asije akafutwa.

Msimlaumu upesi. Mwajiri wake alidai kwamba alikuwa amemfunza. Siku tatu hotelini, watu tele ukumbini, mwalimu akienda mbio kama gari la miraa linalowahi ndege, kisha chai, mandazi na cheti. Aliporudi ofisini, alichokumbuka vizuri ni jinsi ya kuizima mashine.

Hasara hapa si ya karani peke yake. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi na KRA wakati wa kukokotoa kodi ya biashara, isipokuwa chache zilizosamehewa. Karani anayeiogopa kompyuta akipokea bidhaa bila ankara hiyo, tajiri ndiye atakayelia. Na neno la siri likishafika saiba, ni nani ajuaye limeishia wapi?

Waajiri husema mafunzo ni ghali. Lakini hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ushuru wa mafunzo unaokwenda NITA. Mwenye wafanyakazi 30 hulipa shilingi 18,000 kwa mwaka. Aliyelipa sawasawa, akaomba kibali kabla ya mafunzo kuanza, anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama. Pesa ni zenu, zifuateni.

Aliyemwokoa rafiki yangu ni keshia wa pale pale, msichana wa rika la bintiye. Alimkuta amekodolea kioo macho, jasho linamtoka, akamwambia, "Baba, mimi nami leja yako siielewi. Nifundishe, nami nikufundishe." Aibu ikapungua. Wakawa wanakutana nusu saa kila asubuhi kabla lango halijafunguliwa. Hawakutumia mifano ya vitabuni. Walichukua karatasi za mzigo ulioshushwa jana, magunia na mitungi anayoijua mzee kwa majina. Kipanya alikishika mwenyewe. Msichana mikono mfukoni, hata mzee alipokosea mara nne. Hatua zote mzee aliziandika kwa Kimeru katika kijidaftari.

(Ninyi mnaofundisha kwa kumnyang'anya mtu kipanya na kusema "Ni rahisi, tazama!" mnajijua.)

Sisemi darasa halina kazi. Anayeanzia sifuri anahitaji mwalimu hasa, na keshia naye ana kazi yake. Akifundisha, alipwe au apunguziwe zamu. Ila darasa likiisha, awepo mtu wa kuulizwa Jumatatu asubuhi.

Mzee alikwenda mwenyewe kwa meneja akaungama habari za saiba. Neno la siri likabadilishwa siku hiyo hiyo. Alionywa kwa barua, lakini kazi hakupoteza. Mkewe naye sasa anauliza zile pesa za kila jioni zinakwenda wapi.