LOJI YA FRIMASONI: MLANGO UKO WAZI KWA NANI?

Ndugu wafanya kazi,

Tumeona karatasi zilizobandikwa juu ya nguzo za stima, tangu Ruiru mpaka Juja na huku kwetu Murera, zikituita tuingie Frimasoni tupate mali. Chini yake kuna namba ya simu. Na katika magengi ya njia wako wenzetu waanzao kusema: "Hicho ni chama cha udugu, hakibagui kabila wala hakiulizi fedha." Twataka kuyajibu yote mawili, maana la kwanza ni wizi, na la pili ni nusu ya kweli.

Wizi hautaki maneno mengi. Loji za Frimasoni zenyewe hazibandiki karatasi nguzoni, wala haziahidi mtu utajiri. Atumaye fedha kwa namba ile anamlisha tapeli, basi. Habari za nyoka na damu nazo hatuziandiki hapa. Serikali iliweka tume ya ibada ya shetani mwaka 1994 chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na azitakaye habari hizo akaitafute ripoti yake.

Sasa hiyo nusu ya kweli. Katika sheria zao hakuna mstari umzuiao mtu kwa kabila au rangi. Watakalo ni mwanamume, mtu mzima, mwenye sifa njema, aaminiye kwamba Mungu yupo. Mkristo, Mwislamu na Mhindu wote hukubaliwa, na leo wamo Waafrika katika loji za Kenya. (Wanawake hawamo. Hilo akina mama wa soko la Ruiru watalisema wenyewe, na watalisema vizuri kuliko sisi.) Haya twayakubali, kwa maana hatuandiki kumsingizia mtu.

Lakini ndugu, sheria ni kitu kimoja na mlango ni kitu kingine. Katiba yao iliyochapishwa London mwaka 1723 ilitaka mtu aliyezaliwa huru; mtumwa hapana. Utumwa ukafutwa katika makoloni ya Mwingereza, na aliyekombolewa bado hakuwa "mzaliwa huru", mpaka mwaka 1847 neno lilipobadilishwa likawa "mtu huru". Kule Bombay, Mparsi Manockjee Cursetjee alikataliwa akaenda kuingizwa Paris. Ikabidi loji mpya ianzishwe Bombay mwaka 1843 ili watu kama yeye wapate pa kukaa. Kule Calcutta, Prosonno Coomar Dutt aligonga tangu 1863, akafunguliwa 1872. Kule Marekani, Prince Hall na wenzake weusi wa Boston walipewa hati kutoka London mwaka 1784, lakini wanachama weupe wa nchi ile wakakataa kuwaita ndugu. Connecticut ndiyo iliyotangulia kuwatambua bila kurudi nyuma, mwaka 1989, na London ikafuata mwaka 1994. Hesabuni miaka hiyo. Mtu akikaa barazani kwako miaka mia mbili, huwezi kusema ulimkaribisha.

Na kwetu je? Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1905 ikafunguliwa loji ya mji ule iitwayo Harmony, maana yake upatano. Upatano wa nani na nani? Mwaka 1948 tume ya Holmes ilipendekeza kwamba mtumishi wa Serikali asiye Mzungu apewe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu afanyaye kazi ile ile. Hatusemi ni Frimasoni walioandika hayo. Twasema udugu wa ndani ya ukumbi hatukuuona ukitoka nje kuja kupinga.

Siku hizi mlango haulindwi kwa rangi. Unalindwa kwa mfuko. Lazima utajwe na wanachama wakujuao. Sisi tulio kwenye njia tangu alfajiri, tutajuana nao wapi? Halafu kuna kura ya siri ya gololi, na nyeusi chache tu zatosha kukurudisha. Halafu ada ya kuingia, ada ya kila mwaka, suti nyeusi, chakula cha jioni, sadaka. Na wenyewe husema kwa upole kwamba mtu asiingie ikiwa gharama hizo zitawaumiza mke na watoto wake. Maneno ya huruma kabisa! Lakini mtu wa gengi akiyatii atabaki nje maisha yake yote, na hapana awezaye kusema kwamba alifukuzwa.

Lituumalo zaidi ni aproni. Chama hiki kilitwaa alama zake kwa mafundi waashi wa Ulaya: aproni, skweya, bikari, timazi, pima maji. Ni vyombo vya mtu wa jasho, na leo vimekuwa mapambo ya mwenye suti. Nendeni Ndarugo mkawaone wachonga mawe, vumbi mpaka kwenye kope. Ni nani kati yao aliyeitwa ukumbini Nairobi?

Kufungua mlango kwa kweli twakujua. Mwaka 1935 chama cha wafanya kazi Wahindi mjini Nairobi, katibu wake Makhan Singh, mtoto wa fundi wa reli, kilibadilisha jina kikawa chama cha wafanya kazi wa Kenya, ili mtu wa rangi yoyote aingie. Hapakuwa na gololi. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai wakaunda shirikisho la vyama vya wafanya kazi la Afrika ya Mashariki. Mei 1950 wakakamatwa, na Makhan Singh hakufunguliwa mpaka 1961. Hatujasikia kwamba Serikali ile ilimfunga mtu kwa kuketi lojini.

Mwenzetu aliyekwisha kutuma fedha kwa zile namba asione haya. Ausitiri ule ujumbe wa simu, asiufute, na amletee katibu wa tawi, tupate kwenda naye polisi. Karatasi zilizobaki nguzoni zibanduliwe.