Koti la Mvua Huchaguliwa kwa Ndani

Wenzangu wameandika juu ya nidhamu, mapenzi ya vijana na mitihani. Mimi nimeshika kalamu niseme juu ya koti la mvua. Najua wengine mtacheka na kuuliza, ati kuna maoni gani ya kutoa juu ya koti? Chekeni, lakini msome hadi mwisho. Koti ndilo lililonikosesha masomo wiki mbili nzima, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Kaka yangu mkubwa ni mwendeshaji wa bodaboda hapa Malaba, na ndiye anayenilipia karo. Kazi hiyo ina asili yake katika eneo hili letu la mpakani. Tangu miaka ya 1960 waendesha baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo mpakani, kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, na jina bodaboda likatokana na mpaka huo. Leo baiskeli zimepisha pikipiki, lakini mvua ni ile ile. Asubuhi jua linawaka. Upepo wa ziwani ukikutana na joto la nchi kavu, mawingu yanapanda, na ikifika saa tisa au saa kumi alasiri ngurumo zinaanza. Saa hizo ndizo madereva wa malori na akina mama wa biashara wanapotaka kubebwa. Mwendeshaji akijibanza barazani mwa duka, siku imekwenda bure. Asipojibanza, analowa chapachapa.

Mwezi wa Machi, kabla ya masika kuanza, kaka alinipa shilingi 800. Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Nenda sokoni unichagulie koti la mvua. Mimi nikiacha steji leo, hatuli."

Basi nikaenda. Nilikuta makoti yamening'inizwa kama samaki wa kukaushwa. Macho yangu yakatua kwenye koti moja jekundu lenye nembo kubwa kifuani, nembo ambayo sisi wavulana tunaijua sana. Mwuzaji akaona ninavyolitazama. "Kijana, hiyo ni kamera, belo limefunguliwa leo asubuhi!" Sikuligeuza. Sikuuliza lolote. Nililipa nikaondoka nikijiona mjanja.

Siku chache baadaye nilimkuta kaka jioni ametandaza noti mezani zikauke, moja moja. Shati lake lilikuwa limelowa kutoka mabegani hadi kiunoni, na limejaa vipande vyeupe mithili ya maganda ya kitunguu. Ulikuwa utando wa ndani wa lile koti, unabanduka. Kumbe juma zima alikuwa akilivaa hivyo bila kusema neno, kwa sababu mimi ndiye niliyelichagua. Jameni, hapo niliona haya. Baada ya siku hiyo akawa hana budi kujificha kila mvua ikinyesha, na mapato yakapungua. Tarehe ya karo ikafika, pesa hazijatimia, nikarudishwa nyumbani.

Jirani mmoja alinifariji kwa kusema, "Wacha kujisumbua, mchagua nazi hupata koroma." Methali hiyo naiheshimu, lakini kwa maoni yangu hapa haina nafasi. Mimi sikupata koroma kwa sababu nilichagua sana. Nililipata kwa sababu sikuchagua kabisa, nilitazama tu. Wiki zile mbili nilizokaa nyumbani nilizitumia kuuliza: mafundi cherehani, waendeshaji wenye umri, hata wauza mitumba wenyewe. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, geuza koti ndani nje kabla ya kuuliza bei. Kitambaa cha nailoni peke yake hakizuii maji. Kinachozuia ni utando uliopakwa au kugandishwa upande wa ndani. Utando wa aina nyingi huzeeka kwa joto na unyevu, hata koti likiwa limekunjwa ndani ya belo bila kuvaliwa. Ukiukuta unanata, una malengelenge au unatoka unga, rudisha koti kwenye kamba yake, hata kama nembo inang'aa kama jua.

Pili, fuata mshono. Kila sindano ilipopita imeacha tundu, na maji hayahitaji mlango mkubwa. Koti la kweli limebandikwa utepe juu ya mishono kwa ndani, hasa mabegani na kwenye kofia. Pitisha kidole uone kama utepe umeinuka. Koti la kaka halikuwa na utepe hata mmoja. Lilitengenezwa kukinga upepo, si mvua.

Tatu, omba maji. Fanya bonde dogo kwenye kitambaa, mimina maji kidogo, ngoja dakika chache, kisha usugue chini yake kwa kidole. Kidole kikilowa, umepata jibu. Rudia kwenye mshono. Usidanganywe na matone yanayoviringika juu kama shanga. Hiyo ni dawa ya nje tu, nayo hupungua kwa kuvaliwa na kufuliwa. Mwuzaji akikataa kujaribiwa kwa maji koti analosema ni la mvua, naye pia amekujibu.

Nne, soma kibandiko. Kukinga manyunyu ni jambo moja, kutopitisha maji ni jambo jingine. Makoti mengine huandikwa milimita, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa kilistahimili kabla ya kuvuja. Lenye 10,000 litavumilia mvua nzito kuliko lenye 1,500.

Tano, fikiria uzito na joto. Makoti mengi ya mitumba yalishonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya na Marekani, yana pamba ndani kama godoro. Hapa kwetu pamba hiyo ikilowa haikauki hadi kesho. Koti la mpira mzito nalo lakuzuia mvua lakini lakulowesha kwa jasho. Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Scotland alipata hataza ya kitambaa chenye mpira katikati ya nguo mbili. Kilizuia maji, lakini makoti ya mwanzo yalinata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Ilikuwa mwaka 1969 ambapo Bob Gore wa Marekani alivuta plastiki ya aina fulani ikawa na vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Makoti ya namna hiyo ni ghali, lakini hata la kawaida laweza kuwa na matundu ya hewa kwapani. Tafuta jepesi linalokunjika likaingia chini ya kiti cha pikipiki, kwa maana koti lililoachwa nyumbani halizuii mvua.

Sita, uliza litafanya kazi ngapi. Mwendeshaji analihitaji asubuhi kwa upepo, alasiri kwa mvua, na Jumapili kwa kwenda kanisani. Mmewaona wengi wao wakivaa koti kinyume, zipu mgongoni, ili upepo usipenye kifuani. Kwa hiyo zipu iwe na kifuniko, mikono ibane kwenye vifundo, na koti liwe pana kidogo. Fauka ya hayo, sheria yataka mwendeshaji avae kizibao kinachong'aa, na mvua ya jioni ndiyo saa ya kuonekana. Kizibao kivaliwe juu ya koti, kisifichwe ndani.

Mwezi wa Mei nilikwenda na kaka mwenyewe hadi Busia. Tuligeuza makoti tisa. La kumi lilikuwa la kijivu, halina nembo, limepauka kidogo viwikoni, lakini utepe wake ulikuwa mzima na maji yalikaa juu yake bila kupenya. Tulilipa shilingi 1,500. Ukijumlisha zile 800 za kwanza, ujinga wangu ulifanya koti moja liwe la shilingi 2,300, kabla ya kuhesabu siku alizojibanza barazani. Rahisi ghali, wahenga walisema. Tangu siku hiyo kaka hufanya kazi hata mvua ikinyesha, na noti zake hufika nyumbani zikiwa kavu. Tunalifua kwa sabuni hafifu bila brashi, tunalianika kivulini, wala halikunjwi likiwa bichi.

Sasa, wavulana wenzangu, niseme lile lililonileta hapa. Niliponunua lile jekundu, sikumfikiria kaka. Niliwafikiria ninyi. Nilikumbuka tunavyomcheka mwenzetu anayekuja na koti la rangi ya majivu lisilo na jina, tukamwita mlinzi wa usiku. Kicheko hicho kina bei, na aghalabu anayeilipa hayupo darasani. Ni mama anayeuza sokoni, ni kaka aliye kwenye steji. Tukiwa darasani tunaeleza vizuri jinsi matone yanavyojikusanya juu ya uso wa kitu, na mwalimu anatupa alama. Tukifika sokoni elimu yote tunaiacha getini, tunanunua kwa macho.

Walimu wetu wapendwa, nanyi nawaomba jambo moja. Siku moja tu, mtuletee darasani koti kuukuu na kikombe cha maji. Somo hilo halitasahaulika.

Na wewe msomaji, kesho ukitumwa sokoni na mtu anayekuamini, ligeuze koti ndani nje. Mwuzaji akikukasirikia, mvumilie. Ukiliona la kijivu lililo zima, lichukue, na mtu akikucheka njiani mwambie asubiri saa kumi alasiri.