Usiache Mbachao: Kauli Yangu Kuhusu Tarakilishi Zetu

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Nimeishika kalamu yangu si kwa nia ya kumkosoa mtu, la hasha, bali kulitoa dukuduku ambalo limenikaa kifuani tangu muhula wa kwanza. Dukuduku lenyewe ni kuhusu tarakilishi, ama kompyuta kama tunavyoziita tukiwa bwenini.

Wahenga wetu walikuwa watu wa ajabu. Walituambia kuwa subira huvuta heri. Hata kabla hatujakaa vizuri, wakatugeukia na kusema ngojangoja huumiza matumbo. Sasa sisi watoto tushike lipi? Katika mkutano wa wazazi na walimu uliopita, mzazi mmoja alisimama na methali ya kwanza. Alisema shule isipoteze pesa kwa kutengeneza mashine kuukuu. Tungoje, akasema, tukusanye pesa, kisha tununue tarakilishi mpya ishirini kwa mkupuo, za kisasa kabisa, zenye hiyo akili bandia inayosifiwa kila mahali. Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga. Nani asiyependa kitu kipya, jameni?

Lakini usiku ule, nikiwa kitandani, nilianza kupiga hesabu, na usingizi ukanihama.

Hebu tuhesabu pamoja. Maabara yetu ina tarakilishi ishirini. Zinazowaka ni tisa. Sisi tunaosoma somo hilo katika Kidato cha Tatu tu watu 45, kwa hivyo kila mashine inazungukwa na watu watano. Kipindi ni dakika 40. Mashine huchukua kama dakika saba kuamka, nasi tumekaa tukiitazama kama watu wanaongojea chungu cha maharagwe kichemke. Zinabaki dakika 33. Gawanya kwa watu watano. Kila mmoja wetu anakishika kipanya kwa muda usiofika dakika saba! Na hapo stima haijapotea. Sote tunajua mvua ya alasiri ya huku Gusii. Radi ikipiga mara moja tu, giza! Stima ikirudi, tunaanza tena kungoja zile dakika saba, na kengele inalia.

Sasa mashine mpya. Duka moja mjini Kisii lilituambia shilingi 75,000 kwa tarakilishi moja kamili na kiwambo chake. Ishirini ni shilingi milioni moja na nusu. Mfuko wetu una shilingi 300,000, yaani pesa za mashine nne. Hizo zingine zitatoka wapi, na zitatoka lini? Hakuna aliyetaja tarehe. Wengi wa wazazi wetu ni wakulima wa majani chai kule Nyamira na wa ndizi na mboga upande wa Kisii. Pesa zao zina misimu.

Nikitaja chai nakumbuka jambo. Mkulima wa chai ni bingwa wa kungoja. Hupokea malipo yake kidogo kidogo kila mwezi, kisha akaingoja bonasi inayolipwa mara moja kwa mwaka. Lakini mkulima huyo anajua anangoja nini, na anajua itakuja karibu mwezi gani. Na akiwa anangoja haachi kuchuma. Mnaona tofauti? Subira yenye tarehe ni mpango. Subira isiyokuwa na tarehe ni usingizi.

Nitawapa kisa cha binamu yangu. Ana kibanda cha kuchapa na kupiga fotokopi kule Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapopakana. Mwishoni mwa 2023 alitaka kununua tarakilishi mpya. Wakati huo shilingi yetu ilikuwa inaporomoka, na kufikia Januari 2024 dola moja ilikuwa kama shilingi 160. Kwa kuwa mashine hizi hutoka ng'ambo, bei yake ilikuwa juu mno. Binamu akasema, "Wacha ningoje kidogo." Akangoja, na kweli, kufikia katikati ya 2024 dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 130. Subira ilivuta heri! Hapo mimi sibishani na wahenga.

Lakini je, alinunua? Wapi, bwana! Utamu wa kungoja ulikuwa umemwingia. Sasa akasema anangoja prosesa mpya itakayotoka mwakani. Ilipotoka, akasikia nyingine bora inakuja. Mwisho wa 2025 ukamkuta bado anangoja, na hapo kibao kikageuka. Kampuni kubwa za dunia zinazojenga vituo vya akili bandia zilikuwa zinanunua vipande vya kumbukumbu kwa wingi, hata bei ya RAM ikapanda kote ulimwenguni. Mnamo Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kwamba itaacha kuwauzia wateja wa kawaida vipuri vyake vya jina la Crucial, ili ihudumie wanunuzi wakubwa. Mashine aliyokuwa akiitaka ikawa ghali kuliko alivyoiacha. Na muda huo wote, jirani yake mwenye tarakilishi kongwe alikuwa anachapa barua za watu na kuweka pesa mfukoni.

Nilipomwuliza alipoteza kiasi gani, alicheka akasema, "Ndugu yangu, hasara ya kungoja haiandikwi kwenye risiti." Neno hilo sijalisahau.

Wasomaji wapenzi, anayengoja mashine isiyopitwa na wakati atangoja mpaka jogoo ameota meno. Mwaka wa 1965 mtaalamu Gordon Moore, ambaye baadaye alishiriki kuianzisha kampuni ya Intel, aliandika kuwa idadi ya viungo katika kipande kimoja cha elektroniki ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka wa 1975 alirekebisha akasema ni kila miaka miwili. Maana yake kwetu ni nyepesi: ukinunua leo, kesho kutatoka kilicho bora. Ukingoja hadi kesho, kesho kutwa yaja. Tarakilishi ni kama matatu za stendi ya Kisii, haiwezekani kuingoja ya mwisho.

Najua wapinzani wangu wataniuliza, "Na Windows 10 je? Si imekwisha?" Swali zuri hilo. Ni kweli, Microsoft ilikoma kuihudumia bure kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kama ilivyofanyia Windows XP mwezi wa Aprili 2014 na Windows 7 mwezi wa Januari 2020. Ni kweli pia kwamba Windows 11 ina masharti magumu. Inataka kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inakubali hasa prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Mashine zetu ni za kabla ya hapo. Lakini tuelewane: Windows 10 haikufa siku ile. Mashine inawaka na kufanya kazi vilevile. Kilichokoma ni viraka vya usalama. Kwa hivyo mashine ya namna hiyo isiunganishwe na intaneti, na flashi diski zikaguliwe kabla ya kuchomekwa. Au tuiwekee mfumo wa bure wa Linux, ambao unaendelea kupokea viraka.

Na sisi tunahitaji nini hasa? Hapa ndipo watu wengi hupotea. Huuliza mashine ina nguvu kiasi gani kabla ya kuuliza itafanya kazi gani. Mtu hanunui trekta kulima bustani ya sukumawiki nyuma ya jikoni. Mtihani wetu wa vitendo hutaka tujue mambo kama lahajedwali, hifadhidata na kupanga kurasa za kuchapishwa. Kazi hizo hazihitaji prosesa ya mwaka huu. Zinahitaji mikono iliyozoea.

Basi tufanyeje? Kwa ruhusa ya mwalimu wetu wa kompyuta, fundi mmoja alikuja akazifungua mashine zote ishirini. Katika zile kumi na moja zilizokufa, alisema sita zinaweza kufufuka. Nyingine tano zitoe vipuri. Kisha alichukua moja iliyokuwa nzima, akaitoa ile diski ya zamani inayozunguka, akaweka ya SSD na kuongeza RAM ya gigabaiti nne. Mwalimu alishika saa. Mashine iliyokuwa ikiamka kwa dakika saba iliamka kwa sekunde 28! Darasa zima tulipiga kelele, mpaka mwalimu wa zamu akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Fundi alitaka shilingi 5,500 kwa kila mashine, vifaa na kazi. Kwa mashine 15 ni shilingi 82,500, yaani bei ya tarakilishi moja mpya na chenji ya juu. Tukiwa na mashine 15 tutakuwa watu watatu kwa kila moja. Tukitoa nusu dakika ya kuwasha, kila mmoja anapata kama dakika 13, karibu mara mbili ya anazopata leo. Kwa mfuko wetu utabaki na shilingi 217,500. Tukitaka za intaneti, tununue tatu zilizotumika ng'ambo, mitumba kama wasemavyo watu, za kizazi cha nane. Tuliambiwa shilingi 30,000 kila moja. Bado mfuko utabaki na shilingi 127,500 za kuendelea kuweka akiba ya hizo mpya. Sisemi mpya zisinunuliwe. Nasema tusikae bure tukizingoja.

Siwafichi kasoro zake. Mashine kongwe ni kongwe tu. Nyingine itaharibika mwaka ujao, na inakula stima zaidi. Fundi naye lazima aandike karatasi ya dhamana, kwani mafundi mnawajua. Ndiyo maana nasema tuanze na tano, tuzitazame kwa mwezi mmoja, kisha tuendelee na zilizobaki.

Walimu wetu wapendwa, nimalizie kwa lile linaloniuma zaidi. Mnamo Januari 2026 wadogo zetu wa Gredi ya Kumi waliingia sekondari kwa mtaala mpya. Sisi wa Kidato cha Tatu ndio mkia wa 8-4-4, mfumo ulioanza 1985. Mtihani wetu wa KCSE umepangwa kufanywa 2027, na nyuma yetu hakuna kidato kingine. Mashine mpya zikija 2028, zitakuwa nzuri, zitang'aa, na zitawafaa wadogo zetu. Mimi nitafurahi kwa ajili yao. Lakini sisi 45 tutakuwa tumeshaondoka, kila mmoja na dakika zake saba.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu umechakaa, nakubali. Lakini unashonekana, na uzi wake ni shilingi 82,500. Msala mpya tunausikia tu, bado hatujauona ukipita. Ningependa kamati itakapokutana tena ijibu swali moja tu: tunangoja hadi tarehe gani? Kama tarehe ipo, itajwe, nasi tutangoja kama mkulima anavyoingoja bonasi, huku tukichuma. Kama haipo, basi fundi aitwe.

Naomba kutia nanga hapa. Aliye na kauli tofauti na ailete kwa wahariri. Mimi niko tayari kusahihishwa.