Ruwenzori inavuliwa nguo, Leta inaangalia pembeni

Vijana wa Butembo na Beni, tusidanganyane. Asubuhi mawingu yakiachana, ule mlima tunaouona toka Beni ni wetu pia. Lakini ukitaja theluji yake, wakubwa wanacheka: eti ni mambo ya watalii, eti ni ya Uganda. Tunakataa.

Wazee wetu walimweka Kitasamba kule juu, kwenye theluji. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilifunika zaidi ya kilometa mraba 6. Mwaka 2003 haikufika hata 1. Sasa pale ilipotoka kumebaki nini? Malundo ya mawe na udongo usioshikana. Kila usiku maji yaliyo ndani ya udongo yanaganda na kuuinua. Jua likitoka, unaanguka. Mche mdogo unang'oka na mizizi yake. Ndiyo maana mimea inaanzia nyuma ya jiwe kubwa, pale ardhi imetulia. Halafu yenyewe inaanza kazi: ukoga, majani, kisha senesio zile ndefu kama watu wamesimama. Mizizi inafunga mteremko, majani makavu yanageuka udongo, na maji yanashuka polepole. Kazi hiyo ni ya miaka mingi sana, na barafu haingojei.

Mimea ikitoka inakuwaje? Tuangalie ng'ambo. Mwaka 2012 moto uliunguza mimea ya juu ya bonde la Nyamwamba. Mei 2013, mto ule ulibeba mawe makubwa hadi Kilembe na Kasese. Mvua ilikuwa kali, ndiyo, lakini mteremko ulikuwa umevuliwa nguo.

Kwetu kuna Butahu. Unatoka kule juu, unapita Mutwanga, unaingia Semliki. Umeme wa Mutwanga unatoka mtoni humo. Nani amewaambia bamama wa Mutwanga mteremko gani umeshikwa na mimea, na gani uko wazi? Hifadhi ya Virunga iko tangu 1925!

Na msituambie vita. Vita tunaijua, tunazika watu wetu. Toka Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na kila swali linajibiwa na neno hilo moja. Picha za satelaiti haziogopi waasi.

Tunadai ICCN na vyuo vikuu vya Butembo na Beni vitoe ramani ya miteremko ya Butahu, kwa Kiswahili na Kinande, ibandikwe Mutwanga sokoni kabla ya mvua kubwa.