Angalieni chemba kabla ya kulaumiana wapangaji

Nakubaliana na makala kuhusu vyoo kuziba kwenye nyumba za kupanga, ila sisi wa Tukuyu tuna la kuongeza. Huku mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Maji ya paa yakielekezwa kwenye chemba ya choo, shimo hujaa hata kama bomba halijaziba. Fungueni chemba zote kwanza. Ya juu ikiwa imejaa na ya chini kavu, uchafu umekwama katikati. Zikijaa zote, mara nyingi ni shimo, na kusukuma mwanzi hakutasaidia. Mtu asiingie shimoni kamwe, hewa yake inaua! Na jamani, kufungulia majitaka mtaroni mvua ikinyesha ni kumpelekea jirani wa bondeni magonjwa. Wenye nyumba, hakikisheni mashimo yamenyonywa kabla ya mvua za Novemba.