Haut-Lomami: Kati ya konyaki ya bei rahisi na lutuku, makuta yetu yanalipia nini?

Siku za ndoa na sikukuu, familia nyingi za Katanga ya zamani hutafuta chupa moja ya heshima ya kuweka mbele ya wakwe. Mara nyingi wanachagua yenye herufi VS ao VSOP, hata kama mfuko ni mwepesi. Huko Mulongo, kando ya mto Lualaba katika teritware ya Malemba-Nkulu, chupa hiyo ina mshindani wa karibu: lutuku, pombe kali ya mahindi na mihogo ambayo akina mama wanapika nyumbani. Moja inaitwa ya wakubwa, ingine ya wanyonge. Lakini tofauti yake ya kweli ni ipi?

Tuanze na chupa. Konyaki ni jina linalolindwa na sheria. Ni lazima itoke katika eneo la Cognac, magharibi mwa Ufaransa, ambalo mipaka yake iliwekwa mwaka 1909. Divai ya zabibu inachemshwa mara mbili katika mtungi wa shaba, kisha inalazwa ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni. VS, iliyo changa kuliko zote, inalala angalau miaka 2. VSOP ni miaka 4, na XO ni miaka 10 tangu mwaka 2018. Inapouzwa, nguvu yake haiwezi kushuka chini ya asilimia 40.

Kwa hiyo hata konyaki ya bei ya chini ina gharama ya miaka 2 ndani yake. Ukionja VS, inachoma kooni kuliko VSOP, na tunda la zabibu linasikika zaidi. VSOP ni laini, mti umeipa harufu ya vanila. Rangi isikudanganye: sheria inaruhusu kutia karameli, basi weusi si ushahidi wa umri. Tazama kama neno Cognac limeandikwa waziwazi. Herufi VSOP peke yake haitoshi, maana hata brandi za inchi zingine zinaitumia. Na pombe kali ya sashe, inayouzwa kwa franka kidogo tu, haiwezi kuwa konyaki hata ikipakwa rangi gani.

Lutuku nayo haina miaka ya kulala. Unga unachachushwa, unachemshwa ndani ya pipa, mvuke unapita katika bomba lenye kupozwa na maji, na jioni ileile inauzwa. Kosa lake si kwamba ni ya kwetu. Kosa ni kwamba hakuna anayepima nguvu yake, wala kujua kilichoongezwa njiani kati ya mpikaji na mnywaji.

Hatari hiyo si hadithi. Mwaka 2010, huko Kabale nchini Uganda, watu wapata 80 walikufa kwa kunywa waragi yenye methanoli. Nafaka na mihogo vikichacha hutoa methanoli kidogo sana. Vifo vya namna hii mara nyingi vinatokea pale mtu anapochanganya alkoholi ya viwandani ili kuongeza faida. Mtu akinywa, kisha baada ya saa nyingi macho yakaanza kuona ukungu, apelekwe hospitali mara moja.

Serikali za jirani zilijaribu dawa mbalimbali. Zambia ilipiga marufuku sashe za tujilijili mwaka 2012, Tanzania ikafanya hivyo kwa viroba mwaka 2017. Uganda ilianza mapema zaidi: sheria ya mwaka 1965 ilidai leseni kwa wapikaji, na pombe yao iuzwe kwa kiwanda ili isafishwe. Hivyo ndivyo Uganda Waragi ilivyozaliwa. Lakini Kabale inaonyesha kwamba sheria bila ukaguzi kijijini haifiki mbali.

Kwetu, kupika kwa kujificha kuna mizizi ya kikoloni. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulikataza kutengeneza pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwemo. Pombe haikuisha, ilihamia nyuma ya nyumba, ambako hakuna jicho.

Kumfukuza mama mpikaji leo ni kurudia njia ileile, na ada za shule za watoto wake zinatoka katika pipa lile. Kumwacha hivihivi nako kuna bei: kila gunia la mahindi linaloingia ndani ya pipa halifiki kwenye bukari. Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia, na Lubumbashi inayotegemea unga wake ikaona jinsi mahindi yanavyokuwa ghali ghafula.

Konyaki inauzwa ghali kwa sababu mtu anaweza kuulizwa: imetoka wapi, imelala miaka mingapi, ina nguvu gani. Wakubwa wa Kamina wanaweza kuanza na kitu kidogo: kifaa cha kupima alkoholi sokoni, na kikundi cha wapikaji wanaojulikana kwa majina. Mnywaji wa Mulongo naye ana haki ya kujua kilicho ndani ya kikombe chake.