Kiraka Si Aibu, Lakini Kina Mipaka

Wapo miongoni mwetu, wanafunzi wa shule hii, wamchekao mtu aliyefunga kitu kwa kiraka. Husema kiraka ni alama ya ufukara. Mimi nasema kiraka ni elimu, maadamu mwenye kukitia ajua sababu ya kukitia na mahali pa kukomea. Wasomaji wapenzi, naomba niwaeleze yaliyonifikisha kwenye rai hii.

Likizo iliyopita pikapu ya mjomba wangu, ichukuayo ndizi sokoni, ilianza kutetemeka kila iliposimama, na taa ya injini ikawaka. Fundi mmoja alimshauri anunue kipimo kipya cha hewa. Mjomba akatoa fedha alizomwekea binti yake za godoro na sanduku la bweni. Kipimo kikafungwa, gari likatetemeka vile vile.

Twajua kwamba hakuna moto pasipo hewa. Injini ya petroli huhitaji kadiri ya kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli, na kazi ya kipimo ni kuhesabu hewa iingiayo. Mpira ulio mbele ya kipimo, kuelekea injini, ukipasuka, hewa nyingine huingia kwa wizi bila kuhesabiwa. Petroli huwa haba kuliko hewa, na injini hutetemeka. Basi kosa si la mwenye kuhesabu, bali ni la mlango wa nyuma ulioachwa wazi.

Nilimwomba mjomba ruhusa nitazame. Injini ikinguruma polepole, nilinyunyiza maji ya sabuni kidogo kidogo juu ya mipira, mbali na nyaya na feni. Wako watumiao petroli kwa kazi hii. Hao wanacheza na moto. Nilipofika penye mikunjo ya mpira mkubwa, mlio wa injini ukabadilika. Palikuwa na ufa upande wa chini, wa urefu wa kidole. Tulizima injini, tukangoja ipoe, tukaufuta mpira mafuta na vumbi. Kisha nikakata ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, nikauzungusha kwa kuuvuta sana, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Mpira mmoja mwembamba ulikuwa umepasuka nchani tu. Tukaikata ncha hiyo na kuuchomeka tena. Gari likatulia. Gharama yetu ilikuwa sabuni na jasho.

Mjomba alifurahi, akanionyesha mpira mnene uendao kwenye breki, nao ulikuwa na nyufa. "Mpwa wangu, funga na huu."

Nikamjibu, "Mjomba, niwie radhi. Huu tusiufunge."

Mpira ule hupeleka mvuto wa injini kwenye kifaa kiongezacho nguvu za mguu wa dereva. Ukiachia, pedali huwa ngumu, na gari huenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Mjomba alikunja uso, kwani ndizi zilikuwa zimekwisha kukatwa. Tulingoja siku mbili mpira mpya uletwe kutoka mjini. Mikungu mingine iliivia nyumbani, tukaiuza kwa hasara.

Je, nilimkosea adabu mkubwa wangu? Nimejiuliza mara nyingi, na naona sikukosa. Kiraka cha mpira wa hewa kikiachia, gari hutetemeka na dereva akajua. Kiraka cha breki kikiachia, atakayejua kwanza huenda akawa mtoto anayevuka barabara. Hata mpira wa petroli usifungwe kwa tyubu, kwa kuwa petroli huilainisha tyubu, na petroli ikivuja juu ya injini yenye moto yaweza kuteketeza gari.

Kwa hiyo nawaomba wazazi: kabla ya kununua kifaa kipya, mwambieni fundi awaonyeshe kwanza kama mipira ni mizima. Walimu wetu nawaomba watutengee Jumamosi moja katika kila muhula tujifunze kazi hizi. Nanyi wenzangu, mkitia kiraka msikifiche. Mwambieni mwenye gari kwamba kipo, akikague, akiba ikipatikana anunue mpira mpya.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tujifunze kuziba, tujue pia ufa usiozibika kwa kiraka.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu